Mama Alipokula Senene

Nilipokuwa na miaka minane, tukiishi Kiseke, nilikuwa na hofu moja kubwa ambayo sikuweza kumwambia mtu: kwamba mdogo wangu angezaliwa na kichwa cha senene. Msinicheke. Chakula kilikuwa hakishuki, na darasani mwalimu alikuwa akiniita mara mbili ndipo nasikia.

Baba yangu ni Mhaya wa Bukoba, mama yangu ni Msukuma wa Magu. Kwa Wahaya senene ni heshima. Msimu ukifika, mgeni wa maana anawekewa senene mezani kabla hata chai haijachemka. Kwa mama walikuwa panzi, basi. Tangu aolewe alikuwa akimkaangia baba huku uso kaugeuzia dirishani, na baba alikuwa hachoki kumtania kwamba mbona kwao Magu wanatafuna kumbikumbi na hakuna anayeona ajabu. Mama alijibu kumbikumbi ni chakula, panzi ni mdudu. Waliishi hivyo kwa amani, kila mtu na mdudu wake.

Mwaka ninaousema mama alikuwa mjamzito. Baada yangu alishabeba mimba mbili na zote ziliharibika. Mambo hayo hayakuzungumzwa nyumbani, lakini mtoto hafichwi kitu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Mtaa mzima kila msichana wa umri wangu alikuwa na mdogo wa kumbeba mgongoni. Mimi nilikuwa nabeba mto.

Mimba hii ilikaa, ila mama mwenyewe akawa anaisha. Kliniki walimwambia damu iko chini mno na mtoto tumboni hakui inavyotakiwa. Ale nyama, maini, mayai, samaki. Ale vipi sasa? Sisi ni watu wa ziwani, samaki ndiyo maisha yetu, lakini baba akiingia na sato kwa mlango wa mbele mama anatokea mlango wa nyuma kwenda kutapika. Mayai alitapika. Vidonge vya kuongeza damu alitapika. Kilichobaki tumboni kilikuwa uji mweupe na limao, na viganja vyake vilikuwa vimepauka hadi nikawa naogopa kuvishika.

Ndipo Bibi, mama yake baba, akaja kwa meli kutoka Bukoba kumsaidia mkwewe. Alikuja na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa senene waliokwisha kutolewa mabawa na miguu. Mchana ule ule alijifunga kanga, akawasha jiko la mkaa uani, akaniita nikae karibu nijifunze. Aliniambia senene hawahitaji mafuta, wana mafuta yao. Aliniambia zamani mwanamke ndiye aliyekamata, ndiye aliyenyonyoa, ndiye aliyekaanga, na mume akila anamnunulia mkewe kitenge cha shukrani. Nikamuuliza mwanamke naye anakula lini. Akasema mwanamke hali. Siku hizi wasichana wa mjini wanakula na yeye hana ugomvi nao, lakini mwenye mimba asionje hata chumvi yake.

"Atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene," alisema.

Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayekuambia funika sufuria, nzi wataingia. Nadhani ndiyo maana niliamini papo hapo. Akamchukua mmoja kwenye ndoo akanionyesha: kichwa kimechongoka, macho pembeni, mdomo kwa chini. Nikageuka kumtazama mama aliyekuwa amekaa kizingitini. Mama alikuwa anaangalia kikaangio, na safari hii hakuwa amegeuza uso. Alikuwa anameza mate.

Kesho yake nilirudi kutoka shule, Bibi akiwa ameenda sokoni. Nilimkuta mama jikoni, bakuli la senene mapajani, anatafuna taratibu kama mtu anayesikilizia. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilisimama mlangoni na begi langu mgongoni.

"Wamekaa, Kemi," akaniambia. "Tangu asubuhi hawajarudi juu."

Nikamwambia alichosema Bibi. Nililia, nadhani, maana nakumbuka kamasi. Mama akacheka. Akasema Bibi ana maneno mengi, nisiyabebe yote, na nisimwambie mtu. Kisha akaendelea kula.

Alikula kila siku. Na kila siku nilikuwa naona mambo mawili kwa pamoja, ndiyo yaliyonitesa: mama anapata rangi, na kichwa cha mtoto kinarefuka. Viganja vilirudi kuwa vya mtu. Kliniki walifurahi, wakasema damu imepanda, mtoto ameanza kukua. Baba akamshukuru Mungu na vidonge. Mimi na mama peke yetu tulijua ni nini kilichopandisha damu ile. Mama alikuwa akiniita niweke mkono tumboni nisikie mtoto anavyocheza, na mimi nikisikia teke najiuliza ni mguu gani huo, maana senene naye mguu wake wa nyuma una nguvu. Kanisani niliomba kwamba kama haiwezekani kichwa kizima, basi angalau masikio.

Bibi aliona ndoo inapungua. Baba akaapa kwamba si yeye, na kweli hakuwa yeye. Bibi akaanza kumtazama mama. Nikasema ni mimi. Nilikaripiwa kama mwizi wa kuku, na ndoo ikapandishwa juu ya kabati. Sasa fikiria mwanamke mwenye tumbo la miezi minane anapanda kiti kufuata senene, na mtoto amekumbatia miguu ya kiti, amefumba macho, anaomba dunia isimame. Mpaka leo nikiona kiti chochote kinatikisika, nakimbilia kukishika.

Uchungu ulimshika Jumamosi asubuhi. Jumapili mchana ndipo tukaambiwa tuje hospitali, ni mtoto wa kiume. Tulikwenda baba, Bibi na mimi. Mama alikuwa amelala, midomo imekauka, na pembeni yake kifurushi cha kitenge. Bibi akakifungua.

Kichwa kilikuwa kirefu. Siongezi chumvi hata kidogo. Paji la uso lilikuwa limelala nyuma, na kisogo kimechongoka kama kimevutwa na mkono. Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Nesi aliyekuwa akipita akasema mtoto amekaa njiani muda mrefu, vichwa vyao ni laini, kitarudi chenyewe. Bibi alikuwa anamtazama mtoto. Mama alikuwa anamtazama Bibi.

"Ulikula?" Bibi akauliza.

"Nilikula, mama."

"Wangapi?"

Mama akafumba macho. "Wote," akasema.

Mimi nilikuwa nasubiri Bibi aseme mwanamke huyu arudishwe kwao Magu. Nilishasikia habari za wanawake waliorudishwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Bibi alimfunika mtoto, akamweka kifuani kwake. Kisha akamuuliza nesi maji ya moto yanapatikana wapi.

Tangu siku ile, kila asubuhi alimkanda kichwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na viganja vyake, polepole, huku akimwimbia kwa Kihaya. Mwezi haukuisha kichwa kikawa cha mviringo kama cha mtoto yeyote. Bibi alisema ni mikono yake. Kliniki walisema ni kawaida. Baba alisema ni Mungu, na akampa jina la Mugisha, yaani baraka. Sasa hivi Mugisha anasoma chuo Nyegezi, ana kichwa ambacho vinyozi wanakisifia, na msimu ukifika hakuna senene anayepita mbele yake akabaki salama.

Siku hizi nasikia wataalamu redioni wakihimiza watu wale wadudu, kwamba wana protini nyingi, na shida iliyobaki ni watu kuona kinyaa. Nawasikiliza natikisa kichwa. Kinyaa nilikiona kikimtoka mama yangu kwa siku moja. Kinachokaa ni woga. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nafundisha Mkolani, nawachorea wanafunzi mifupa ya fuvu la mtoto mchanga na jinsi inavyosogea wakati wa kuzaliwa. Na mwaka jana nilipokuwa mjamzito, miezi tisa yote sikugusa senene hata mmoja. Sahani ikija naisukuma kwa mume wangu, nasingizia kiungulia.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami. Aliniona nikisukuma sahani akacheka, na mimi, kwa aibu, nikamwambia yeye alikuwa jasiri bwana, hakuyaamini maneno ya Bibi. Akaacha nepi alizokuwa anakunja.

"Nani kakwambia sikuyaamini?" akasema. "Niliyaamini yote. Kila nikiweka mmoja mdomoni nilikuwa namwomba mtoto msamaha. Lakini wale wawili walishaniondokea, Kemi. Nikasema huyu aje, hata na kichwa hicho. Nitamlea hivyo hivyo."

Miaka yote hiyo nilidhani walioogopa katika nyumba ile tulikuwa mimi na Bibi. Kumbe aliyeogopa kuliko sisi wote ndiye aliyekuwa anakula.