Kofia Moja ya Vichwa Tisa

Pale Ngarenaro, mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea mtoni, palikuwa na kijiwe cha bodaboda chenye pikipiki tisa, waendeshaji tisa, vichwa tisa na kofia ngumu moja. Hesabu hiyo haikumkosesha mtu usingizi. Kofia ilikuwa nyekundu, kioo chake cha mbele kilipasuka wiki ya kwanza, na kazi yake ilijulikana: kumtuliza trafiki. Aliyepata abiria wa mjini, ambako trafiki walisimama kwenye mzunguko, aliichukua. Aliyekwenda Elerai au Daraja Mbili alikwenda kichwa wazi, kwa kuwa huko askari hakuna, na wote waliamini kwamba pasipo askari lami huwa laini kama godoro la sufi.

Mtunza kofia alikuwa Bi Swabaha, muuza chai na chapati. Wale vijana hawakuaminiana wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alijua mwenzake akiichukua Jumatatu ataonekana nayo Alhamisi. Basi wakamkabidhi yeye, akaitundika kwenye msumari juu ya meza yake, juu chini, na kwa vile hapendi chombo kikae bure, akaweka humo vitunguu vyake.

Usidhani walimchagua kwa sababu ya chapati. Bi Swabaha alikuwa na historia. Alizaliwa hapo hapo Ngarenaro, binti wa fundi viatu aliyetoka Kondoa, akasoma hadi darasa la nne. La nne la wakati ule, alipenda kukumbusha, si haya madarasa ya siku hizi ambayo mtoto anamaliza saba na bado anauliza jina la mtaa wake linaanza na herufi gani. Na ilipofika miaka ile ya shida, sukari ikawa adimu na sabuni ikawa hadithi, ndiye aliyewekwa kwenye duka la kaya awe mgawaji. Mche mmoja wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vinne vinavyolingana hata ukivipima kwa macho ya mke mwenza. Wakubwa walimjia kwa tabasamu, akawarudisha kwenye foleni na tabasamu lao. Shoga yake wa kucheza naye utotoni alinuniwa mwaka mzima kwa kujaribu kupita mlango wa nyuma.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Milango ikafunguliwa, bidhaa zikamiminika, mitumba ikalundikwa mpaka mtu anachagua koti la baridi ya nchi asiyoijua. Duka la kaya likafungwa. Hakuna aliyemuaga Bi Swabaha wala kumwambia asante. Alibaki na ujuzi mkubwa wa kugawa, na hakuna tena cha kugawa. Akageukia chapati.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye pikipiki zilipoanza kushushwa kwenye maboksi kutoka Uchina, na vijana wakamletea kofia moja ya watu tisa, yule mama alihisi kama amerudishwa kazini. Sokoni kofia zilikuwa zimening'inizwa kama maboga, nyeusi, bluu, hata za rangi ya waridi kwa wapenda urembo. Hakuna aliyewaza kwamba kila mtu angeweza kuwa na yake. Walikuwa na moja, na walikuwa na mgawaji. Mwaka mzima hakukamatwa hata mmoja wao, na Bi Swabaha aliitaja rekodi hiyo kwa wageni kama wengine wanavyotaja kwamba wamehiji.

Sasa siku hiyo, saa tatu asubuhi, Lesian alikuja mezani pake. Huyu Lesian alikuwa kijana mtaratibu wa kutoka vijiji vya magharibi ya mlima, mwenye ng'ombe watatu na mke mmoja, na alimwita Bi Swabaha "yeyo", yaani mama kwa lugha ya kwao. Alikuwa amefunga matita mawili ya majani ya ng'ombe nyuma ya pikipiki, ayapeleke kwa mteja Elerai.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Chai?"

"Hapana. Naomba kofia."

Kijiwe kizima kikageuka. Said, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na breki, akadakia: "Chalii yangu, kofia ya kupelekea majani? Unaogopa ng'ombe watakuomba leseni?"

Wakacheka. Lesian naye akacheka kidogo, akijikuna shingo. "Naeku amejifungua, mtoto ana siku kumi. Ameniapisha. Amesema nikipanda hiki chuma bila kofia, nisirudi kula kwake."

"Haya, tuambie," akasema Said, "kwenu anavaa nani suruali?"

Bi Swabaha alikuwa anageuza chapati. Angeweza kunyoosha mkono, amwage vitunguu, ampe mtu kofia, yaishe. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, na aliyeiweka ni yeye.

"Elerai kuna trafiki gani, mwanangu?" akauliza. "Kofia ni ya mjini. Nikikupa wewe, Said akipata abiria wa mjini nimvike sufuria?"

"Said hana abiria, yeyo."

"Anaweza kupata. Ulipata kuniona nikimpa mtu sukari ya mwenzake?"

Lesian hakuijua habari ya sukari, wakati ule alikuwa bado hajazaliwa. Alisimama kidogo, akatazama ile kofia na vitunguu vyake, akasema, "Sawa, yeyo," akawasha pikipiki.

Hakufika mbali. Bi Swabaha aliona yote, kwa sababu alikuwa anamtazama mgongo huku akijipongeza moyoni kwa kuwa imara. Hatua mia hivi kutoka pale, pikapu iliyoegeshwa kando ya barabara ilifunguka mlango. Dereva wake hakutazama nyuma, maana aliyeumba vioo vya pembeni aliviumba kwa ajili ya kujitazama ndevu. Pikipiki ikapiga mlango. Majani yakaruka upande huu, Lesian akaruka upande ule, na kichwa chake kikagonga ukingo wa saruji wa mtaro. Mlio wake ulimfikia mezani. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevunja nazi jirani.

Watu walikimbia. Na kabla hujafikiri kwamba walikimbilia kumwinua, ngoja nikueleze ni nini kilichopigwa kelele kwanza. Abdulhalim, mwenyekiti wa kijiwe, mtu mwenye kanzu safi kila Ijumaa, aliweka mikono mdomoni akaita:

"Bi Swabaha! Kofia! Lete kofia haraka, trafiki anashuka!"

Naye akaileta. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi alimwaga vitunguu chini, akakimbia na khanga imemshuka mabegani, ameikumbatia kofia nyekundu kama amebeba dawa. Hakuuliza ya nini. Alijua. Rekodi ya mwaka mzima ilikuwa imelala pale mtaroni na macho yamefumba.

Wanaume watatu wakapiga magoti wakaanza kumvika mtu aliyezimia kofia ngumu. Mmoja akashika kidevu, mwingine akasukuma utosini. Kofia ikagoma masikioni. "Zungusha!" akasema Said, sasa bila mzaha. "Zungusha kama kifuniko!" Hatimaye ikaingia, imekaa kombo, na trafiki akafika akakuta mhanga mtiifu wa sheria.

Lesian akafumbua macho. "Nani amenifunga kitu kichwani?" akauliza, na watu wakaangua kicheko cha ahueni. Akakaa. Akasema haumwi sana. Trafiki akaichukua ile kofia, akaigeuza.

"Kioo kimepasuka zamani, lakini mbona haina hata mchubuko mpya?"

"Ni imara, afande," akasema Abdulhalim.

"Naona." Akaandika kwenye daftari lake kwamba mwendesha pikipiki alikuwa amevaa kofia ngumu. Kisha akamgeukia dereva wa pikapu, na hayo mengine ni yao.

Dereva akaamriwa awapeleke hospitali. Abdulhalim alipanda kama mwenyekiti, na Bi Swabaha akapandishwa kwa sababu kila mtu anajua ukienda hospitali bila mama mtu mzima wa kulalamika, utakaa kwenye benchi mpaka upone mwenyewe. Kofia alikuwa nayo mapajani.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kuchoka. Akamulika macho ya Lesian, akambonyeza shingo, akauliza, "Alikuwa amevaa kofia?"

"Amevaa," akasema Abdulhalim, akaionyesha. "Hata polisi wameandika."

"Basi mshukuru hiyo kofia. Ni mshtuko tu. Atumie dawa za maumivu, apumzike nyumbani."

Wakatoka hadi ukumbini kungoja dawa. Abdulhalim akashusha pumzi kama mtu aliyevuka mto. Lesian aliketi kando ya Bi Swabaha, ameshika kichwa kwa viganja viwili.

"Yeyo, majani yalifika Elerai?"

"Hayajafika, mwanangu. Yamemwagika njiani. Pumzika."

"Aa." Ukutani palikuwa na bango la kufundisha kunawa mikono. Akalitazama. "Yeyo, majani yalifika Elerai?"

Bi Swabaha akamgeukia. "Nimekwambia yamemwagika."

"Aa, sawa." Hata hakumaliza kutikisa kichwa. "Majani, yeyo. Yalifika?"

Hapo Bi Swabaha akamsogelea, akamtazama machoni. Yeye alikuwa mtu wa kukumbuka. Alikumbuka nani alipata vitenge mwaka wa themanini na mbili na nani alikosa. Mtu asiyekumbuka jibu la sasa hivi hakuwa na mshtuko tu; kuna kitu kilikuwa kinaharibika ndani ya kile kichwa, polepole, wakati wao wanangoja vidonge.

Na daktari alikuwa anamrudisha nyumbani kwa sababu ya kofia ambayo hakuivaa.

Ilitosha kuinuka na kusema. Lakini akisema, kijiwe kimemdanganya trafiki, na daftari la serikali lina uongo. Akisema, rekodi imekwisha. Na akisema, atalazimika kusema na lile jingine, kwamba mtu aliomba kofia mbele ya watu wanane, akiwa na mtoto wa siku kumi, na yeye akamjibu kwa maringo. Tangu siku za duka la kaya hajawahi kumwambia binadamu kwamba amekosea. Ukweli ni kwamba hakuwa na mazoezi.

"Bi Swabaha, twende," akasema Abdulhalim, dawa mkononi. "Imeisha salama, alhamdulillahi."

"Kaa naye," akasema Bi Swabaha. "Asilale."

Akaingia kwa daktari bila kubisha hodi. Alikuwemo mgonjwa mwingine amevua shati. Bi Swabaha akaiweka kofia juu ya meza, juu ya makaratasi.

"Daktari. Hii kofia haikuwa kichwani kwa yule kijana."

"Mama, subiri nje, nina mtu."

"Inuse."

"Nini?"

"Inuse, mwanangu. Ilikuwa na vitunguu vyangu. Tulimvika alipokwisha anguka. Amegonga saruji kichwa kitupu, akazimia, na sasa ananiuliza swali moja mara tatu. Aliniomba kofia nikamnyima. Ni mimi."

Daktari aliinusa. Sijui kwa nini, pengine kwa uchovu, lakini aliinusa. Kisha akainuka haraka, mgonjwa wa bila shati akabaki na mikono hewani.

Walimrudisha Lesian ndani, wakampiga picha ya kichwa, wakamlaza karibu na meza ya wauguzi. Adhuhuri alitapika. Kabla ya alasiri mkono wake wa kushoto ulikataa kuinuka, naye akaanza kumwita Abdulhalim kana kwamba ndiye baba yake. Wakamweka kwenye gari la wagonjwa wakampeleka hospitali kubwa ya Moshi, na huko wakamfungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa inambana ubongo. Angekuwa kitandani kwake kijijini saa hiyo, wangekuwa wanamtafutia mahali pa kumzika.

Naeku alifika hospitali gari likiwa linawashwa, mtoto mgongoni. Alikuwa ameshapewa habari karibu zote; Ngarenaro haina haja ya redio.

"Nani alimnyima?" akauliza.

Abdulhalim akaanza, "Unajua, shemeji, utaratibu wetu..."

"Mimi," akasema Bi Swabaha.

Naeku alimtazama mpaka yule mama akajiona mfupi. Hakutukana. Alipanda gari akakaa miguuni pa mumewe, na mlango ukafungwa.

Kesho yake Bi Swabaha aliipeleka kofia katikati ya kijiwe, akaiweka juu ya tangi la pikipiki ya Said.

"Yenu hiyo. Mimi sigawi tena."

"Sasa nani atatunza?" akauliza Said.

"Kila mtu atunze kichwa chake. Sokoni zimejaa, kuna hata za waridi, wewe itakufaa. Na asiyekuwa na kofia asije kwenye meza yangu. Simpi chai, simpi chapati, simpi maji."

"Bibi, hii biashara au jeshi?"

"Nenda ukanywe kwa trafiki."

Walinung'unika siku nne. Wapo waliokwenda kujaribu chapati za ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa zile zilikuwa ngumu kuliko kofia zenyewe, wakarudi wamevaa. Wiki mbili baadaye vichwa vinane vilikuwa na kofia nane. Wengine walizivaa kweli. Wengine waliziweka juu ya utosi kama vikawa vya kufunikia chakula, kamba zinaning'inia, na Bi Swabaha akalazimika kujifunza kufunga kamba ya kidevu, akawa anawafunga mwenyewe kwa vidole vyenye unga huku akiwakaripia.

Mwezi wa tatu baada ya ajali Lesian alikuja kwa miguu. Nywele zilikuwa hazijafunika kovu, limezunguka toka sikio hadi karibu na paji. Alikuwa amekonda na alitembea kama anayehesabu hatua. Vijana walimsalimia kwa sauti za chini, hata Said. Akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, yeyo."

Bi Swabaha aliacha chapati ikaungua. "Nilikunyima," akasema.

"Uliniambia Elerai hakuna trafiki." Akafikiri. "Ni kweli, hakuna."

"Lesian."

"Mimi nimekwisha kusamehe, yeyo. Naeku bado. Amesema nisikufiche."

"Ana haki," akasema Bi Swabaha. Akaiondoa ile chapati nyeusi, akaivuta ndoo ya maji kando, akasogea mwisho wa benchi, kijana apate mahali pa kukaa.