Jifanyeni Hamjui

Kwetu Karatu mgeni haaibishwi. Nimelelewa hivyo, nikawalea hivyo na watoto wa darasa langu la awali, na ujinga huo nitakwenda nao kaburini.

Chumba chetu cha darasa kiko nyuma ya kanisa, kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Mavolontia, wageni wa ng'ambo wanaojitolea kufundisha, walikuja mmoja baada ya mwingine, wiki tatu tatu, halafu huyoo, anakwenda kuona kreta na kurudi kwao. Wengi walikuwa na roho nzuri, sikatai. Ila kila aliyekuja alianzia mwanzo: rangi, namba, wimbo wa herufi. Watoto walishaimba mpaka basi. Siku moja wakamjibu binti wa watu kabla hajamaliza kuuliza, akanywea, akakaa chini na picha zake mkononi. Nilimhurumia. Alipotoka nikawaambia watoto, "Jamani, mgeni katoka mbali. Mwacheni afundishe. Jifanyeni hamjui, kisha mjue taratibu."

Weee! Walilipenda hilo kuliko mpira. Hodari wao alikuwa mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka saba. Huyo alikuwa anasoma gazeti lililofungiwa maandazi kuanzia juu mpaka chini, lakini mbele ya volontia anakunja uso, anahesabu vidole, anakosea, halafu ndiyo anapata. Mgeni anaruka kwa furaha, anampiga picha. Mimi nyuma ya darasa nacheka.

Bibi yake miguu ilikuwa imeshachoka. Mama wa mtoto alikuwa kibarua kwenye mashamba ya vitunguu Mang'ola, na alishasema binti akimaliza awali aende huko akamlee mdogo wake. Kwa hiyo volontia mmoja, mama mtu mzima, aliposema watu wa kwao watamsomesha mtoto mmoja shule ya bweni, yule anayejua kuliko wenzake, bibi alikuja kwangu akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, Mungu katuona." Nikamwambia alale usingizi wake, mjukuu wake hana mpinzani.

Volontia akawaita mmoja mmoja, na kadi zake mezani. Mtoto sikumwambia neno, nisije nikaonekana nampendelea wa jirani. Akakaa, akaitazama kadi ya kwanza, akakunja uso. Kadi ya pili, hajui. Ya tatu akakosea, akamwinulia yule mama macho, anamsubiri kwa upole amfundishe. Akachaguliwa mwingine.

Jioni nilimfuata yule mama. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamweleza kwamba yule mtoto anajua yote, huwa anajifanya, na mimi ndiye niliyewafundisha. Akaacha kufunga begi. Akaniuliza polepole, "Hata kwangu? Wiki zote hizi?" Macho yalishamjaa machozi. Pale ilitakiwa ndiyo moja tu. Mdomo wangu huu ukasema, "Hapana, mama. Wewe uliwafundisha kweli." Akashusha pumzi, akanikumbatia, akadhani namwombea tu mtoto wa jirani.

Nje mtoto alikuwa ananisubiri. "Mwalimu, mgeni amefurahi?"

"Amefurahi sana," nikamjibu.

Bibi hakunilaumu. Bora angenitukana. Alimpandisha mjukuu wake kwenye lori la vitunguu lililokuwa linarudi Mang'ola tupu, na mimi nikajitia nina kazi darasani ili nisimuage. Mwalimu mzima, namkwepa mtoto mdogo.

Mwaka huu nilikwenda Mang'ola kwenye msiba. Nikamkuta kando ya mfereji anapalilia, mdogo wake kamshika gauni. Amerefuka, amekonda. Akafuta mikono, akanipa shikamoo. Nilikuwa na kijitabu cha ratiba ya mazishi, nikampa.

"Hebu nisomee, mwanangu."

Akakiangalia sana. Kisha akatabasamu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Nisomee wewe, mwalimu."

Nikamsomea ukurasa mzima huku nalia, naye anaitikia kwa kichwa. Sikuthubutu kumuuliza kama amesahau kweli au ananiheshimu tu.