Mjumbe Mmoja Alisema

Nimewafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba husuda humdhuru kwanza aliye nayo, na kila niliposema hivyo nilikuwa na hakika kwamba namsema mtu mwingine. Ndiyo maana naona ni haki niieleze habari ya muhtasari wa mkutano wetu, kwa kuwa niliuandika mimi, kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Kijiji chetu kiko upande wa Mbwera, kati ya vijito vya Rufiji, mahali ambapo mtu hulima mpunga akiwa ameipa mikoko mgongo, na huvua akiwa ameupa mpunga mgongo. Wilaya ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga kituo cha utafiti na mafunzo ya mazao ya bahari: kamba, kaa na samaki, namna ya kuwafuga, kuwahifadhi na kuwauza. Kabla ya kuamua, ilitaka kila kijiji kikutane na kusema kama kinakiunga mkono, na maneno ya wananchi yaandikwe, yapelekwe Kibiti, makao ya wilaya. Mtendaji wa kijiji, ambaye kwa utaratibu ndiye katibu, aliniomba nimwandikie muhtasari, kama anavyoniomba siku zote. Mwenyekiti aliniongezea kazi: niandae risala.

Niliiandaa kwa wiki mbili, ikafika kurasa nne. Nilieleza jinsi kamba walivyopatikana zamani na wanavyopatikana sasa, jinsi mikoko inavyokatwa, na jinsi elimu inavyomwinua mnyonge. Niliisoma nimesimama, ofisa wa wilaya ameketi mbele yangu, na muda wote huo hakuigusa kalamu yake. Watu walikuwa wakiua mbu.

Nilipoketi, shemeji yangu alisimama. Ni mke wa mdogo wangu. Yeye na mimi tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza hadi la saba. Mimi nilikuwa wa kwanza na yeye wa pili, isipokuwa mwaka mmoja ambao sipendi kuukumbuka. Mimi nilikwenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Yeye aliingia mikokoni kuopoa kaa mashimoni kwa fimbo yenye ncha ya chuma iliyopindwa, na hiyo ndiyo kazi yake hadi leo. Alikuja mbele na kaa watatu waliofungwa magando.

"Mheshimiwa," alimwambia ofisa, "chagua mmoja, ndiye kitoweo chako."

Ofisa alimchagua mkubwa kuliko wote.

"Haya, mbonyeze hapa chini, karibu na mguu. Usiogope, kafungwa."

Ofisa alibonyeza, na gamba likabonyea.

"Huyo kajivua gamba juzijuzi. Kavaa kanzu kubwa, ndani maji matupu. Mnunuzi wa Dar akimwona anamtupa, na mimi nimeshinda topeni kutwa. Kumjua kwamba ni wa maji, najua. Bibi yangu alinifunza. Lakini atajaa baada ya siku ngapi, ale nini, nimfungie wapi asife, hayo siyajui, na bibi naye hakuyajua. Hicho kituo kikija, kinifundishe hayo, nami nitawafundisha vijana wenu kubonyeza. Kama kinakuja kunifundisha kuvua, kikae hukohuko."

Watu walicheka, na ofisa akaandika. Aliandika ukurasa mzima. Ndipo mtani wangu, fundi wa mitumbwi aliyehamia kwetu kutoka vilima vya Umatumbi, alipopaza sauti kutoka nyuma:

"Mwalimu, na ile risala yako tuibonyeze kidogo?"

Mtani hakasirikiwi. Hiyo ni desturi, na mimi huwahimiza wengine waiheshimu. Nilicheka kama inavyopasa, huku nikimtazama shemeji akiwarudisha kaa wake tengani, asijue au asijali kwamba alikuwa amenivua nguo mbele ya kijiji. Mikono yote ilinyooshwa kukiunga mkono kituo. Hakuna aliyekuwa na shaka ilinyooshwa kwa maneno ya nani.

Kesho yake, baada ya vipindi, niliketi kuandika muhtasari. Kila aliyesema nilimtaja kwa majina yake yote, hata mtani wangu, ambaye mchango wake mwingine ulikuwa kuuliza habari ya choo cha soko. Nilipofika kwa shemeji, kalamu ilisita. Kisha niliandika: *Mjumbe mmoja alisema kwamba* na kuendelea. Sikuipunguza hoja yake. Niliipanga, nikaiondolea kitoweo na kanzu, nikaitia maneno ya kitaalamu. Husuda ya mtu aliyesoma haina haja ya kuiba. Husahihisha lugha tu.

Baada ya mwezi mmoja na kitu, barua ilikuja. Wilaya ilikuwa imeisoma hoja ya kaa na kuipenda. Ilikuwa ikiunda kamati ya watu wachache wa kupanga kituo kitafundisha nini, na ilitaka kijiji kimpeleke Kibiti yule mjumbe aliyeitoa hoja. Mwenyekiti, ambaye siku ya mkutano aliondoka mapema kwenda mazikoni, alisoma ule muhtasari na kuitambua lugha.

"Hapa pana mkono wako, Mwalimu," alisema. "Jiandae kwa safari."

Sikusema uongo. Nilisema, "Tutaona mkutano utakavyoamua," na nikaenda kupiga pasi shati langu jeupe. Kimya changu nilikiita unyenyekevu.

Sasa, mkutano wa kijiji hauanzi jambo jipya kabla muhtasari wa uliopita haujasomwa na kuthibitishwa. Msomaji ni mimi. Nilisoma ajenda ya kwanza, nikasoma ya pili, kisha nikalifikia lile fungu, na shemeji alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa wanawake, akinitazama kwa utulivu uleule aliokuwa nao tuliporudishiwa madaftari shuleni. Nilisoma kwa haraka kidogo.

"Kuna masahihisho?" mwenyekiti aliuliza.

"Ninalo moja," alisema mtani wangu. "Huyo mjumbe mmoja ni jini? Mimi niliyeuliza choo nimeandikwa mpaka jina la babu. Mwenye kaa hana baba?"

Walicheka wachache. Mwenyekiti alinigeukia. Nilikuwa na kalamu mkononi na barua ya Kibiti mezani, na nakiri kwamba hata pale nilitafuta sentensi ya kuniokoa. Haikupatikana.

"Ni shemeji yangu," nilisema.

Niliandika majina yake matatu pembeni mwa ukurasa. Sikuhitaji kumuuliza, niliyasikia yakiitwa kila asubuhi kwa miaka saba. Mkutano ulithibitisha, na safari ikawa yake.

Siku ya kuondoka alipita kwangu, boti ya kumvusha hadi Nyamisati ikisubiri maji yajae. Nilidhani amekuja kunisuta.

"Shemeji, niazime ile risala. Pale ulipoandika habari za kamba wa zamani, watauliza, na mimi sina."

Nilimpa kurasa zote nne. Ningefurahi zaidi kama angenitukana, kwa maana hata ukarimu wake niliuonea wivu. Alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti niliposhindwa kujizuia.

"Utawaambia aliyeandika ni nani?"

Aligeuka, akazikunja karatasi na kuzitia kwenye mkoba, juu ya khanga zake.

"Nitakutaja kwa jina, shemeji. Majina yako yote. Mimi sina mjumbe mmoja."