Uji Ndani ya Rejeta

Bibi yangu, mama yake baba, aliniusia jambo moja tu, na aliliusia mara nyingi mpaka likanichosha. Alitaka siku atakayokufa niwe mimi wa kuteremka kaburini kumpokea. Baba alikwisha kufa, ami zangu pia, na mwanamume wa damu yake aliyebaki nilikuwa mimi peke yangu. "Mie sitaki kupokewa na mikono ya watu baki," alikuwa akisema huku mikono yake imejaa udongo wa kufinyangia, na mimi nikimjibu, "Sawa bibi, nimesikia," kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda zake.

Yeye ndiye aliyenilea, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Ole ukitokea Chake. Alifinyanga vyungu na vyetezo. Chungu kipya kikivuja hakukitupa. Alikoroga uji mwepesi wa unga wa muhogo, akauchemsha humo taratibu, uji ukajipenyeza kwenye vitundu vyote ukagandia humo, chungu kikapona. Nimeliona hilo tangu sijaota meno ya ukubwa.

Nilipofika umri wa miaka ishirini na minne nilikuwa dereva wa gari la abiria, bodi ya mbao, kati ya Chake na Wete. Nilijiona fundi pia, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Mwaka huo rejeta ikaanza kuvuja. Rejeta nyingine ilikuwa mpaka iagizwe Unguja ije kwa meli, na mtu wa kuilehemu alikuwa amesafiri. Mimi kungoja sikujaaliwa. Nikakoroga uji wa muhogo, nikaumimina ndani ya rejeta, nikawasha injini mpaka ukachemka. Haikuvuja tena! Siku ile nilitembea Chake kifua mbele, nikimweleza kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Nilipopita kijijini nikamsimulia bibi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na baada yake ukaikosha?" akaniuliza.

"Bibi, gari si chungu."

"Haya," akasema. "Mie vyungu vyangu nikisha kuviziba, huvikosha."

Sikukaa hata kunywa chai. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akiwa hai.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, mtu alinifuata stendi ya Chake akaniambia bibi amekufa alfajiri na atazikwa baada ya Adhuhuri. Sikulia. Nilikimbiza gari mpaka Wawi kumchukua shangazi yangu, mtoto pekee wa bibi aliyebaki, nikarudi Chake kuwapakia majirani na wazee waliotaka kwenda kuzika. Walifika kumi na mmoja. Mpaka tunaondoka ilikuwa imekwishatimia saa nne na nusu, na nilikuwa nikipiga honi kama mwendawazimu kumharakisha mzee mmoja aliyesahau kofia yake.

Gari lile saa ya kupimia moto ilikufa zamani, kwa hiyo nilipima kwa pua. Kwenye kilima cha kwanza nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nikajifanya sikuisikia. Kwenye kilima cha pili injini ikaanza kugonga na kukosa nguvu, na Ole ingali mbali, mvuke ukatoka kwenye boneti, sioni mbele. Nikasimama. Mkono wa kushoto wa barabara palikuwa na msikiti mdogo wenye birika pembeni yake.

"Kuna nini tena?" shangazi akauliza kutoka nyuma.

"Joto tu. Limepanda kilima."

"Sote tumepanda kilima. Mbona siye hatufuki moshi?"

Nikafungua boneti. Nikaushika mkanda wa feni, umekaza. Nikapapasa mipira ya maji, mizima. Pampu ya maji haikuwa na hata tone la kuvuja. Nikageuza kichwa kutazama kivuli cha nguzo ya msikiti, kimeshafupika sana. Nikarudi kwenye injini, nikaiacha, nikalizunguka gari mara mbili bila sababu. Kisha nikaigusa rejeta kwa kiganja. Juu inaunguza. Chini baridi, baridi ya kabisa, utadhani gari halijawashwa. Nilisimama pale na kiganja changu nikajua. Maji yanapanda moto juu na hayashuki, kwa sababu uji wangu umeganda humo umeziba njia zote. Nilimsikia bibi akiniuliza, ukaikosha? Nilitamani kulipiga teke gari, na nikalipiga. Nikaumia kidole.

Kutoka pale mpaka kijijini kwa miguu ni mwendo wa saa mbili. Mtu mmoja akapita na baiskeli, akasimama, akanionea huruma. "Ichukue, uwahi," akasema. Ikanibidi niseme mbele ya abiria wote kwamba sijui kupanda baiskeli. Dereva mzima! Wazee waliokwisha kuanza kunung'unika wakacheka. Nikamwomba yule bwana atangulie awaambie nipo njiani. Mzee aliyesahau kofia akaingilia, "Mwambie pia wasingoje. Maiti hawekwi."

Nilihitaji maji, madebe mawili kwa uchache, moja la kuisafisha rejeta na moja la kuijaza. Kisima kilikuwa bondeni mbali. Birika la msikiti lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, limejaa. Nikachukua debe moja kati ya mawili yaliyokuwa garini, nikaenda. Mwadhini, mzee mwembamba aliyekuwa akifagia ukumbini, akaniwekea fagio kifuani.

"Maji haya hayendi kwenye gari."

Sasa, ile ilikuwa miaka ya siasa. Watu wa chama hiki hawakununua duka la wale, hawakupanda gari la wale, na mpaka maziko waligomeana. Juu ya paa la nyumba iliyopakana na msikiti ilipepea bendera isiyokuwa ya kwetu. Damu ikanipanda. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee, tena mlangoni mwa msikiti. Nikamwambia kama bibi yangu angekuwa wa chama chake ningepewa maji na sukari juu.

Hakukasirika. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Chama kimeingiaje humu?" akasema. "Birika hili ni wakfu. Mwenyewe aliyelijenga kaweka sharti lake, maji ya kutawadhia tu. Mie hata nikiona kiu sinywi. Hukumu yangu mie hiyo, au yako weye?"

Nikalishusha debe chini. Nilijua anasema kweli, maana kila msikiti una mambo yake hayo na hakuna anayeyachezea. Nikakaa kwenye kizingiti nikajishika kichwa, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya wote. Nilimwambia mwadhini aliyekufa ni nani na aliniusia nini.

Mzee akaegemeza fagio ukutani. Akatazama birika, akatazama debe, akatazama abiria wangu waliokaa chini ya kivuli cha ukuta.

"Hawa wote waenda kusalia maiti?" akauliza.

"Wote."

"Basi hawawezi kusali bila ya udhu. Na waje hapa, mmoja mmoja, watawadhe. Maji yakishapita mkononi mwa ntu yamekwisha kutawadhia, na sharti limetimia. Yakidondokea debeni, ni yenu."

Akaliweka debe kwenye mfereji chini ya jiwe la kutawadhia, akapandisha mikono ya kanzu, akatawadha yeye wa kwanza.

Wakafuata wengine kwa foleni. Mwadhini alisimama pembeni na kata mkononi akihesabu. "Mara tatu! Ya nne israfu, sitaki!" Mzee wa kofia akasema yeye ana udhu wake tangu Chake. Wenzake wakamtazama vibaya. Akazama nyuma ya migomba, akakaa kidogo, akarudi hana udhu. Shangazi naye akaletewa kata na debe la pili nyuma ya ukuta, na alipolirudisha lilikuwa na maji mengi kuliko ya mwanamume yeyote. Macho yake yalikuwa mekundu. Ilikuwa zamu yake ya kulia na hakutaka tumwone.

Mimi wakati huo nilikuwa chini ya gari nimefungua mpira wa chini wa rejeta. Sikuthubutu kumimina maji kwa haraka kwenye injini ya moto, maana chuma kingepasuka na hapo tungezika gari pia. Ilinibidi ningoje ipoe. Kungoja kule kulinitafuna. Nikachomoa chelewa kwenye ufagio wa msikiti, kwa ruhusa, nikawa nachokoa kutoka juu, kisha nikaweka mdomo chini nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Kikatoka kitu kama kamasi nzito, ya kijivu, yenye harufu ya muhogo uliochacha. Nikamimina debe la kwanza kidogo kidogo. Mwanzo matone. Kisha mabonge. Kisha maji yakashuka kwa mkupuo mmoja yakanimwagikia kifuani, nikapiga ukelele, na abiria wakaitikia takbiri.

Nikafunga mpira kwa waya, nikaijaza rejeta kwa debe la pili. Pale pa zamani pakaanza kuvuja tena. Acha pavuje, nikasema. Mwadhini alikuwa anapanda kuadhini. Nilitaka kumwomba radhi, lakini adhana imeshaanza, na mtu hakatizwi. Nikajitupia maji ya udhu upesi upesi, nikasugua mikono kwa mchanga, nikaondoka.

Tulipofika, sala ilikwisha kusaliwa na jeneza lilikuwa ukingoni. Wameshatanda shuka juu ya kaburi, kama anavyozikwa mwanamke, na jirani mmoja mwema alikuwa amekunja kanzu ili ateremke. Nilipita katikati ya watu nikiwasukuma. "Mie," nikasema, "ni mie." Akanipisha.

Nikateremka. Wakanipa bibi yangu mikononi. Alikuwa mwepesi, na hilo sikulitegemea, kwa sababu katika akili yangu alikuwa bado yule mtu mkubwa aliyenibeba mgongoni. Nikamlaza kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, nikamwelekeza kibla, nikafungua fundo la sanda kichwani kama nilivyoelekezwa.

Hapo nikaona. Juu ya sanda nyeupe, karibu na bega, palikuwa na alama ya dole gumba langu, nyeusi ya grisi, kila mstari wake waonekana. Mchanga haukuitoa yote. Nikajaribu kuifuta kwa kiwiko, ikasambaa. Alikataa mikono ya watu baki, akapata ya kwangu, nayo sikuikosha ikatakata.

"Nini huko?" wakauliza kutoka juu ya shuka.

"Hakuna kitu," nikasema.

Wakanipitishia kiunza cha kwanza, ubao wa kumfunikia, nikakiweka juu ya bega lile.