Kibatari Bado Yumo Ghalani

Uwesu aliitambua karatasi ile kwa kofia. Mama mmoja alikuwa amemletea begi lililong'oka zipu, na wakati akisubiri, alikuwa akitafuna karanga. Kwenye karatasi iliyosokotwa kuzibeba palichorwa kofia ya ukili iliyopasuka ukingoni. Sindano ikasimama mkononi mwa Uwesu.

"Mama, samahani, karanga hizo umenunua wapi?"

"Kwa kijana pale kona ya Mkunguni. Kwani vipi, mbovu?"

"Hapana. Naomba hiyo karatasi."

Mama alimtazama kama mtu aliyeombwa soksi zake. Akamaliza karanga za mwisho bila haraka yoyote, akaikung'uta, akampa. Pembeni, juu kabisa, palikuwa na namba ya toleo: 23. Uwesu alilitupa begi juu ya cherehani, akamwomba mama wa watu amlindie kibanda, akatoka mbio na sindano bado mkononi.

Hapa inabidi tuelezane, maana bila hivyo utasema fundi huyu ni mwendawazimu, na mwendawazimu si yeye. Uwesu hushona mabegi Mtaa wa Msimbazi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Ni mtu wa watu, haringi, na kazi yake haifumuki. Ana jambo moja tu. Kulikuwa na gazeti la katuni miaka ya tisini, likiitwa Tufani, na ndani yake shujaa wa jina hilo hilo, kifua kama kabati, anapaa juu ya mapaa ya Kariakoo akikamata majambazi. Watoto wote wa Magomeni walitaka kuwa Tufani. Mdogo wake Uwesu, Mbaraka, yeye alimpenda msaidizi, kijana mwembamba aitwaye Kibatari, ambaye hapai wala hana kifua, ana kofia ya ukili iliyopasuka ukingoni na taa ya mafuta isiyozimwa na upepo, basi.

"Kila mtu anampenda anayepaa," Mbaraka alikuwa akisema. "Sasa anayekimbia huku chini atapendwa na nani?"

Basi Uwesu alimsomea kwa sauti, na walimfuata Kibatari huyo namba kwa namba. Namba ya tatu ndipo anapoingia, amebeba viatu vya Tufani, hasemi kitu. Ya nne hayumo kabisa, na Mbaraka alinuna siku mbili. Ya tano anasema neno moja, "Tayari." Ya tisa anamwokoa Tufani asichomwe moto, na hakuna hata mmoja anayemshukuru. Halafu ikaja ya kumi na saba. Majambazi wamefunga mlango wa ghala, Kibatari yumo ndani, na Tufani anamwambia kupitia dirishani, "Nisubiri, narudi sasa hivi."

Nani angeweza kulala? Namba ya kumi na nane ilipotoka, mvua za masika zilikuwa zimekaza, na mama yao alikataza mtu kutia mguu bondeni Jangwani. Wakatoroka kwenda kulinunua Kariakoo. Kwenda walivuka, maji yakiwa ya magoti. Kurudi, bonde lilikuwa limejaa. Uwesu alikuwa na miaka kumi na minne, Mbaraka tisa. Aliyefika nyumbani ni Uwesu peke yake.

"Mkono uliteleza," aliwaambia watu. Hata mwili haukuonekana, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Tangu hapo anakusanya. Na ana sharti: hasomi namba mpya kama ya kabla yake hajaipata, kwa sababu anataka kumfuata Kibatari kwa mpangilio, hatua kwa hatua, mpaka ajue kama Tufani alirudi kumchukua. Anataka kujua hilo tu. Ya kumi na nane mpaka ya ishirini na moja, Kibatari anaonekana dirishani na taa yake, anasubiri. Ya ishirini na mbili hayumo. Ya ishirini na nne, ambayo ndiyo ya mwisho, maana baada ya hapo gazeti lilikufa, Uwesu anayo. Anayo miaka sita! Aliikuta kwenye vitabu vya mtumba, akaitia kwenye mfuko wa turubai, akaushona mdomo kwa uzi wa ngozi. Eti mpaka aipate ya ishirini na tatu. Na tukisema kweli, hiyo ishirini na tatu hakuitafuta kwa bidii kubwa.

Sasa ilikuwa inafungiwa karanga.

Kijana wa karanga aliitwa Samson. Uwesu alimkuta ameweka gazeti chini ya kopo la kupimia, anachana karatasi moja, anasokota, anajaza, anampa mtu, anachana nyingine. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karatasi kuukuu zimekuwa mali Kariakoo, na Samson alikuwa na mkono mwepesi.

"Acha! Usichane!" Uwesu alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, mpaka watu wakashika mifuko yao wakidhani kuna mwizi.

"Shikamoo fundi. Kulikoni?"

"Hilo gazeti. Umeshachana ngapi?"

"Aah, mimi nauza karanga, mzee wangu, sihesabu karatasi." Kisha akamwona alivyo, jasho linamtiririka na sindano mkononi, akaacha utani. "Nne, ukiacha hiyo uliyoshika. Moja kachukua yule dada wa vitenge. Mbili wale mafundi simu. Nyingine katoka nayo jamaa mmoja sasa hivi, kashuka na Mtaa wa Sikukuu."

Uwesu alilinyakua lililobaki, akalitia kifuani ndani ya shati. Dada wa vitenge alimpa ya kwake huku akicheka. Mafundi simu walikuwa wameshazitupa, akainama mbele ya kadamnasi akazitoa kwenye ndoo ya taka, zimelowa chai. Jamaa wa nne hakupatikana. Uwesu alishuka Sikukuu yote akiwatazama watu mikononi, anagongana na mikokoteni, anatukanwa, anapita. Akarudi mpaka mwisho. Karatasi ile ilikuwa imekwenda.

Atakayeshangaa na ashangae: fundi alishusha pumzi ya mtu aliyesamehewa adhabu.

Alasiri ile ile alivuka daraja la Jangwani kwa miguu bila kutazama chini, kama kawaida yake, akaenda Magomeni kwenye nyumba ya wazazi anakokaa dada yake, Zulekha. Sanduku la bati analohifadhia magazeti yake liko huko, chini ya kitanda alichofia mama yao. Zulekha alilivuta, wakazipanga namba mkekani. Nyingi zina mafuta, chai, alama za vidole, moja imetafunwa na panya. Ya kumi na nane ndiyo safi kuliko zote, utadhani imetoka kiwandani jana.

"Imepatikana, lakini si kamili," Uwesu alisema. "Imepungua karatasi moja. Kwa hiyo ile ya mwisho bado."

"Kibatari anaonekana humo?"

"Anaonekana. Yuko dirishani."

"Anafanya nini?"

"Anasubiri."

Zulekha alisimama. Ni mwanamke mpole, lakini akikasirika husema taratibu zaidi, na hapo ndipo pa kumwogopa. "Kaka, miaka sita umeshona mdomo wa mfuko. Leo ni karatasi moja, kesho utaniambia ni wino umefifia. Kama unaogopa, sema unaogopa."

"Naogopa."

Zulekha akautoa ule mfuko wa turubai sandukuni, akaleta mkasi. Uzi wa ngozi ulikuwa mgumu, na mikono ya Uwesu, inayoshona mabegi mia kwa wiki, ilishindwa kuukata. Akaukata dada mtu.

Uwesu alisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akimsomea Mbaraka. Tufani anapigana bandarini. Tufani anapewa nishani. Ukurasa baada ya ukurasa, ghala halitajwi. Ukurasa wa mwisho kabisa, Tufani anasimama nje ya mlango wa ghala, mkono juu ya kufuli. Chini ya mlango unatoka mwanga mdogo wa taa, na sauti ya Kibatari inauliza, "Nani huko nje?"

Tufani amefumba mdomo. Hajaandikiwa neno. Gazeti limeishia hapo.

Uwesu aligeuza jalada la nyuma, akakuta tangazo la sabuni. Akarudi mbele. Akaugusa ule mdomo uliofumbwa.

"Haukuteleza," alisema.

Zulekha aliuweka mkasi chini.

"Mkono wa Mbaraka haukuteleza. Nilikuwa nimeliinua gazeti juu lisilowe. Mkono huu gazeti, mkono huu yeye. Maji yalipomvuta yalitaka mikono miwili, na mimi sikulitupa. Sikulitupa, Zulekha. Nilifika nalo nyumbani."

Dada yake hakushtuka. Aliokota namba ya kumi na nane mkekani, akaiweka mapajani mwa kaka yake.

"Siku ile uliingia umelowa mpaka kope," alisema, "na hili likiwa kavu. Mama ndiye aliyelipokea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pale."

"Mama alijua?"

"Alijua kabla hujavua shati. Akaniambia nisikuulize, utasema mwenyewe siku ukiweza." Akaketi mkekani karibu yake. "Alikusubiri mpaka anakufa, kaka."

Uwesu alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na machozi yakawa yanaliangukia lile gazeti la kumi na nane mapajani mwake. Hakuliinua.