Kompyuta ya Karani Ilitaka Salamu Kwanza

Leo nimetengeneza kompyuta kwa mdomo tu. Sasa najuta.

Binti yangu Chebet ameandika programu ya kutoa uzito wa majani chai kwa mizani na kuupeleka kwa kompyuta ya karani, kila mtu auone kwa skrini.

Kwa laptopu yake ya Linux inakimbia kama ndama. Kwa ile ya karani, ya Windows, imegoma kabisa.

Na kamati ya kituo chetu cha kuuzia majani imesema programu ikikataa leo, kazi anapewa mtu mwingine.

Nikasimama kumtetea mtoto wangu. "Nyinyi watu wa kamati..."

Akina mama waliokuwa kwa foleni wakanikata. "Mzee, si usalimie watu kwanza!"

"Haya, chamgei!"

Chebet akajipiga paji la uso. "Baba, ni hiyo! Linux unafungua soketi tu, ule mlango wa kupitishia data, unatuma. Windows lazima kwanza uamshe mtandao wake. Huo mstari wa programu nimeusahau!"

Kumbe Windows ni kama mama mkwe. Usipomwamkia, hata chai hupewi.

Akaandika mstari, skrini ikawaka. Makofi!

Nikatembea kifua mbele, nikaweka kikapu changu kwa mizani. Jirani yangu alikuwa hapo, yule nimemringia mwezi mzima kwamba hanifikii kwa kuchuna.

KILO MBILI.

Kubwa hivyo, kwa skrini.

"Mzee," akaniuliza, "hiyo ni majani ama pia ni salamu?"

Chebet amebaki na kazi yake, namshukuru Mungu.

Lakini nyinyi mliosoma, kuna mstari wa kuizima hiyo skrini?