Turubai la Ngonga

Mtaalamu wetu aliogopa matope. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo. Alitumwa kutoka makao makuu kuja kupima rangi ya turubai Ngonga, akafikia nyumba ya wageni Matema, chumba kinachotazama ziwa, na ardhi ya Ngonga yenyewe akaikanyaga mara moja tu.

Kazi haikuwa ngumu. Kamera ya setilaiti ikikaa sana angani jicho lake huchoka, ikaanza kudanganya rangi, na hakuna fundi wa kupanda kwenda kulirekebisha. Kwa hiyo unatandaza chini turubai kubwa la kijivu, unalipima kwa kifaa saa ileile setilaiti inapopita, kisha wenye picha wanalinganisha namba zako na kilichoonwa na kamera, na kusahihisha. Mimi, bibi shamba wa kata, nilitakiwa kulilinda na kutia saini kama shahidi. Picha hizo nilizihitaji kuliko yeye. Ndizo zingeonyesha mashamba yaliyofunikwa na mafuriko ili wenyewe wapewe mbegu mpya, na shamba la mama yangu liko bondeni kabisa.

Siku ya kwanza, alipokuja kupima, akina mama walikuja na mpunga wao. Kyela ukitandaza chochote juani, watu wanajua ni cha kuanikia. "Ndaga fijo," wakanishukuru.

"Wajinga hawa," mtaalamu akasema mbele yao. "Wanadhani teknolojia ni jamvi."

Wali wa Kyela aliula kila mchana, akausifu, na hakujua kwamba mpunga huanikwa.

Siku ya kupima mara ya pili mvua ilikuwa imenyesha, na ng'ombe walikuwa wamepita juu ya turubai. Setilaiti ilikuwa ipite saa nne na nusu. Saa mbili nikampigia simu, nikamwambia turubai limejaa matope, aje na kifaa.

"Turubai ni lilelile, dada. Namba za juzi ninazo. Wewe utatia saini tu."

Nilimdharau mpaka nikatema mate. Jioni alileta fomu kwa gari, hakushuka, viatu vyake vyeupe kama vya harusi. Nikatia saini. Nilijiambia kwamba mwenye shahada ni yeye.

Matope yalilitia turubai giza, namba za juzi zikasema linang'aa. Wenye picha wakaona kamera imefifia, wakaziongezea mwanga picha zetu zote. Maji ya mashambani, ambayo toka juu huonekana meusi, yakageuka nchi kavu.

Orodha ya mbegu ilipotoka nilimfuata mama shambani. Alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini.

"Jina lako halimo," nikamwambia. "Picha inasema hapa ni pakavu."

Nikamweleza yote, yule bwana na viatu vyake, na matusi yangu juu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Turubai uliliona lina matope?"

"Niliona."

"Na yeye?"

"Hakuja, mama. Si nimekwambia."

Akainama, akaendelea kuokota masuke yaliyooza.

"Basi yeye angalau hakuona," akasema.